Kitunguu cha Ng'ambo

Sajenti Mzukisi Gontsana alikwenda kwa akina Tshefu kutafuta kitunguu saumu, na jikoni kwao hakukuta hata ganda lake.

Mwendesha mashtaka alikuwa amemweleza asubuhi ile bila kumung'unya maneno. Maelezo ya mshtakiwa anayo, ripoti ya daktari anayo, kilichobaki ni kitu chenyewe. "Niletee hicho kitunguu nikiweke mbele ya hakimu," alisema. "Mauaji yasiyo na silaha ni porojo." Kesho yake Nokhwezi Tshefu, mkamwana wa boma hilo, angepandishwa kizimbani kwa kumuua baba mkwe wake. Jumamosi mzee angezikwa. Gontsana alikuwa na hakika kwamba saa ya chakula cha mchana ingemkuta kashamaliza kazi.

Kwa maoni yake kesi ilikuwa nyepesi. Mzee Mlambo Tshefu alikuwa akimeza vidonge vya kuzuia damu kuganda tangu alipopasuliwa moyo. Nesi wa zahanati alifika nyumbani akaonya kwamba vidonge vile na kitunguu saumu havikai chungu kimoja. Kisha mzee akateleza zizini, akachanika kichwani, jeraha ambalo mtu mwingine angelifunga kitambaa na kuendelea kukamua. Yeye alivuja damu mpaka akakata roho njiani kwenda hospitali. Daktari alimpasua akamkuta na kitunguu saumu tumboni. Na Nokhwezi mwenyewe, alipohojiwa, alikiri kwamba kila asubuhi alikuwa akimpa mzee kitunguu, cha dawa.

"Kitunguu gani?" Gontsana alimuuliza.

"Cha ng'ambo."

Gontsana aliandika kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya kituo, kwamba mshtakiwa alimlisha marehemu kitunguu saumu kilichotoka nchi za nje. Vya madukani vyote si vinatoka China? Hakuuliza zaidi. Alikuwa na jino linamuuma siku ile, na jibu lilikuwa limemfaa.

Aliyempokea leo ni Thozama, binti wa marehemu, mwanamke wa makamo afanyaye kazi saluni katika mji wa pwani wa East London, ambaye huja kwao kila mwisho wa mwezi.

"Bado hujamaliza tu, kaka?"

"Natafuta kitunguu alichokuwa akimpa baba."

"Tafuta basi. Jikoni ni kwake, mimi ni mgeni."

"Mgeni kwenu?"

"Binti akishahama anakuwa mgeni mwenye ufunguo."

Gontsana alipekua makopo, gunia la mahindi, ndoo ya maziwa mgando. Juu ya jiko lilining'inia fungu la majani membamba yaliyochanganyika na vijiua vya zambarau, na harufu yake ilimpiga puani kabla hajaligusa. Kitunguu saumu, puani. Machoni, nyasi.

"Na haya?"

"Majani tu hayo. Anatia kwenye mboga." Thozama alijibu swali likiwa bado mdomoni mwa Gontsana, kisha akatoka nje kuwaitikia wafiwa.

Gontsana alilifunga lile fungu kwenye mfuko wa vielelezo, kwa kukosa kingine. Alipokuwa akiondoka alichungulia nyumba ya msonge ambamo mzee alikuwa akilala. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi upande wa kulia, kofia magotini. Mke wa jirani aliingia na sinia la chai, akapita kwa kujibana kwenye ukuta wa kushoto, akaliweka chini mbali nao na kurudi kinyumenyume. Thozama akaingia nyuma yake, akakata katikati ya nyumba, akaliinua lile sinia akawagawia. Gontsana aliyaona yote hayo kama mtu anavyoona mvua ikinyesha kwa jirani.

Dakta Moodaliar, aliyempasua marehemu, aliufungua mfuko na kunusa.

"Sajenti, umeniletea mboga?"

"Nimekuletea kielelezo. Hiki ndicho ulichokikuta tumboni?"

Daktari alimtuma mtu jikoni kwa wagonjwa, akaletewa kichwa cha kitunguu saumu, akakiweka juu ya meza ya bati, na pembeni yake akatandaza shina moja la yale majani, mizizi kwa mizizi.

"Njoo huku, acha kusimama mlangoni kama mdai. Hiki ni cha shambani. Kichwa, punje, na kila punje imevaa koti lake la karatasi. Sasa nionyeshe punje kwenye hiki chako."

Gontsana alilipasua shina kwa ukucha. Palikuwa na weupe mwembamba, mizizi minene yenye utelezi, basi. Vidole vilinuka vilevile.

"Harufu ni moja," alisema.

"Harufu ya ndugu wa mbali. Hiki ni kitunguu saumu pori, kinaota chenyewe kwenye majimaji. Mama yangu alikizungushia nyumba nzima ili nyoka wakatembee kwa wengine, na tukikohoa anachuma majani yake anachemsha. Cha shambani watu humeza punje, cha pori hula majani. Vyote wanavitumia kwa kifua, kwa homa, kwa presha."

"Kwa hiyo cha pori nacho kingeweza kumuua."

"Hapo unanitaka niape nisichokijua. Cha shambani kimepimwa sana, tunajua kikikutana na vile vidonge damu inakuwa maji. Cha pori kimepimwa kidogo, siwezi kukuambia hakina neno. Lakini naweza kuapa mbele ya yeyote kwamba kilichokuwa tumboni mwa yule mzee si majani. Zilikuwa punje, zimemezwa nzima, nyingine bado na koti."

"Hukuandika hivyo, daktari."

"Niliandika." Alivuta faili akalifungua, akamwekea kidole. "Punje. Ukurasa wa pili. Wewe umeishia wa kwanza."

Gontsana alisoma ukurasa wa pili akiwa wima, masikio yakimchemka. Alikuwa ameishia wa kwanza kweli. Daktari alimwacha asome, akaenda kunawa mikono.

Nokhwezi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano, akaketi akiwa ameugeukia ukuta. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, na mumewe alikuwa njiani kutoka migodi ya Rustenburg. Gontsana aliweka lile fungu mezani.

"Ni hiki ulichokuwa ukimpa baba mkwe?"

"Ndicho."

"Mbona uliniambia kimetoka nje ya nchi?"

"Sikusema nje ya nchi, afande. Nilisema ng'ambo."

"Ng'ambo ya wapi?"

"Ya yale maji. Pale chini ya nyumbani, ukivuka."

"Yale maji si yana jina?"

Nokhwezi alizidi kuugeukia ukuta.

"Mama, mimi nimezaliwa mjini, Gqeberha, lakini si mzungu. Haya majani kila mtu anayaita kitunguu cha mto. Kwa nini usiseme hivyo tangu mwanzo? Neno moja tu, na usingelala humu."

"Wewe unaweza kulisema," alijibu Nokhwezi kwa sauti ndogo. "Aliyekuzuia ni nani?"

Hapo ndipo kalamu ya Gontsana iliposimama. Mlambo. Mzee aliitwa Mlambo, na mlambo kwa Kixhosa ni mto. Mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno linalofanana nalo, hata awe peke yake porini, hata mzee awe kaburini. Hulizunguka, hubuni neno lake, na boma zima hulizoea. Hili halikuwa jambo la kufundishwa Gontsana. Bibi yake mzaa baba aliita chumvi "kile cheupe" mpaka anakufa, na wao wajukuu walimwigiza na kucheka huku wakimpitishia kile cheupe. Alilijua tangu hajaota meno, na alipolihitaji kazini hakulikumbuka, kwa kuwa aliyekuwa mbele yake alikuwa mshukiwa, naye hakufikiri kwamba mshukiwa anaweza kuwa na adabu.

Aliona aibu, tena si ile ya kupita. Akafanya kitu cha kipuuzi ambacho watu wenye aibu hufanya. Akaharakisha.

"Basi tulimalize sasa hivi. Litamke mara moja, niandike, usaini. Kesho mwendesha mashtaka hana kesi."

"Nikishalitamka?"

"Unakwenda nyumbani."

"Nyumbani kwa nani, afande?" Aligeuka kidogo tu. "Hajazikwa. Jumamosi nisimame pale kaburini mimi nani? Yule aliyemtaja mzee polisi ili atoke? Nirudishe ndani."

"Unaweza kufungwa miaka mingi."

"Nimesikia. Nirudishe."

Gontsana alitazama meza. Alipouliza tena, aliuliza taratibu, kama alivyopaswa kuuliza mara ya kwanza.

"Mzee alikuwa na kitunguu saumu cha dukani?"

"Mimi sikuwahi kukiingiza. Nesi alipokikataza nilisikia, ndiyo maana nikashika haya majani."

"Chumbani kwake je?"

"Sijui kilichoko. Upande wake siingii. Chakula naweka kushoto, anakifuata mwenyewe."

"Nani anaingia upande wake?"

"Watoto wa nyumba."

"Mumeo alikuwa mgodini tangu Krismasi. Amebaki wifi yako."

Nokhwezi alirudisha uso ukutani. Wahenga wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu alikuwa na kamba, lakini hakutaka kuivutia mguuni mwa mwingine. Gontsana hakumsukuma zaidi.

Alirudi kwa akina Tshefu alasiri hiyohiyo. Mara hii alivua kofia, akapiga goti mlangoni, akawaomba wazee ruhusa ya kupita upande wa kulia. Juu ya kitanda cha mzee, pale ukuta unapokutana na paa, alipapasa kwenye nyasi akatoa chupa ya asali. Ndani yake zilielea punje za kitunguu saumu, nusu ya chupa imekwisha. Ilikuwa asali ya maduka makubwa ya mjini, ya mfuniko wa dhahabu. Asubuhi hakupekua hapa kwa sababu alikuwa ameamua kwamba mwanamke huua akiwa jikoni.

Thozama aliiona chupa mkononi mwake, akatangulia mwenyewe mpaka nyuma ya nyumba, penye tangi la maji.

"Nokhwezi hawezi kufika pale ilipokuwa," Gontsana alisema.

"Hawezi."

"Wewe unaweza."

"Ni nyumba ya baba yangu." Alijifuta mikono kwenye sketi, mikono iliyokuwa mikavu. "Saluni kwetu kila mwanamke anasema ndiyo dawa ya presha. Nikamletea. Nikamwambia ameze asubuhi na jioni, na asimwambie mtu wa jikoni, maana yule atamletea habari zake za majani. Baba alifurahi. Alisema, angalau mtoto wangu ananiletea dawa ya kisasa."

"Hukujua habari ya vidonge?"

"Nesi alikuja mimi sipo. Nilikuja kujua siku uliponikalisha hapo mbele ukanisomea maelezo ya wifi."

Gontsana aliikumbuka siku ile. Alikuwa ameyasoma kwa sauti, kwa Kixhosa, akijivunia.

"Nilikusomea kwamba alimpa kitunguu cha ng'ambo. Wewe ulijua ni kipi."

"Nani asiyejua? Tangu aolewe ndiyo lugha ya jikoni kwetu. Tulikuwa tunamtania. Tukienda kuteka maji tunamwuliza, wifi, leo tunateka ya wapi, naye anatukimbiza na kata." Thozama alitaka kucheka, uso ukamgomea. "Nilijua, kaka. Pale pale nilijua kwamba umekosea, na nikajua na zile punje ni zangu. Vyote kwa mpigo mmoja."

"Ukanyamaza."

"Wewe ulikuwa umeshaandika. Nikajisemea, atarudi kuuliza, hawezi kumfunga mtu kwa neno moja. Kila gari likinguruma nasema ndiye huyo, leo nitasema. Asubuhi ulipokuja nilikuwa tayari. Ukaniuliza habari ya jikoni."

Gontsana alikuwa na maneno makali tayari, ya kumwuliza ni mtu gani amwachaye mke wa kaka yake alale selo. Alipoyafungua mdomoni aliona kwamba nusu yake yanamhusu yeye. Akayameza.

"Yeye hatalitamka," alisema. "Nimemwomba, amekataa. Asipopatikana wa kumsemea kesho, mahakama itashika nilichoandika."

"Badilisha ulichoandika."

"Nitasema nilikosea. Watauliza nimejuaje. Lazima asimame mtu wa nyumba, mwenye ruhusa ya kulitaja hilo jina."

"Na wazee watakuwapo?"

"Watakuwapo."

"Nimemuua baba yangu, sajenti. Hilo naweza kulisema, hata mbele yao." Aliinamisha kichwa. "Lile la kunyamaza ndilo nisiloliweza."

"Punje ulizileta kwa mapenzi, hilo mwendesha mashtaka atalipima. Kunyamaza mimi sina pa kukuhukumia. Lakini bila hilo la pili, yule hatoki."

Gontsana aliondoka na chupa yake bila kujua Thozama atafika mahakamani au hatafika.

Alifika. Kulipokucha alikuwa kwenye benchi la nyuma mahakamani, gauni jeusi, kitambaa cheusi cha msiba kichwani, mbali na wazee wa ukoo waliojaza safu ya mbele. Nokhwezi alipandishwa kizimbani. Gontsana alieleza kosa lake, kwa kifupi, akiitazama nembo iliyo juu ya kiti cha hakimu kwa kuwa ndiyo peke yake isiyokuwa na macho. Alipomaliza, hakimu alivua miwani. Alikuwa mwanamke mkavu, hana haraka.

"Sajenti, mahojiano hayo yalihitaji mkalimani?"

"Hapana, mheshimiwa. Tulizungumza Kixhosa."

"Lugha yako."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Lugha ya mama yako."

"Ndiyo."

Hakimu alirudisha miwani usoni. Akamwita Thozama.

"Baba yangu aliitwa Mlambo," alianza Thozama, na safu ya mbele ikasikika ikivuta pumzi. "Huyu ni mke wa kaka yangu. Hawezi kulitaja jina hilo, wala lile la mto. Kitunguu cha mto anakiita cha ng'ambo, na pale nyumbani tunajua wote. Punje alizomeza baba nilimpa mimi, sikujua zina madhara. Halafu nikajua." Alimtazama Nokhwezi kizimbani. "Nikajua, na nikamwacha akae ndani, kwa sababu niliona haya. Sina lingine la kusema."

Hakuna mzee aliyegeuka kumtazama. Mmoja alikuwa akiizungusha kofia yake gotini, akaiacha ikaanguka, wala hakuiokota.

Mwendesha mashtaka alisimama akaomba shauri dhidi ya Nokhwezi Tshefu liondolewe. La Thozama lingeangaliwa kwa wakati wake. Hakimu aliandika kidogo, akasema mshtakiwa yuko huru kwenda.

Nokhwezi hakushuka. Lango la kizimba lilifunguliwa na askari, naye akabaki palepale, mabega yamejikunja, ameugeukia ukuta kama alivyougeukia kituoni. Gontsana alidhani hakusikia, akapiga hatua amweleze. Thozama alimwahi. Alikata katikati ya mahakama, akifungua fundo la kitambaa chake huku akitembea, na nywele zake mwenyewe zikabaki wazi mbele ya wazee wote. Alipanda kizimbani, akamtandika wifi yake kile kitambaa kichwani, akakikaza nyuma, akakishusha mpaka usawa wa nyusi kama inavyompasa mkamwana aliyefiwa. Nokhwezi alipokwisha kufunikwa ndipo alipogeuka na kuwaonyesha watu wa boma lake uso.

Gontsana alisimama katikati ya sakafu. Kituoni mahabusu huvuliwa kila kinachoweza kufungwa shingoni, mkanda, kamba za viatu, kitambaa. Ni kanuni, naye ndiye aliyetia sahihi. Siku zote hizo alikuwa amekaa mbele ya mkamwana wa watu aliye kichwa wazi, akimhoji, akimshangaa kwa nini hamtazami, na kwenye maelezo yake aliandika kwamba mshtakiwa anaficha uso kwa sababu anaficha jambo.

Kitambaa chenyewe kilikuwa kwenye kabati la kituo, ng'ambo ya barabara. Alitoka kwenda kukileta. Wazee wa akina Tshefu walikuwa wameshafika mlangoni. Aliwaamkia kwa jina la ukoo wao, nao wakamwitikia, wakampisha kwa adabu kama apishwavyo mgeni.